Kura Ambayo Bern Hakupiga

Ballarat,
19 Oktoba 1999

Shemeji Clem,

Asante kwa kuja kumzika Bern. Najua kutoka Ipswich mpaka huku si safari ya mtu wa miaka yako, na najua ulivyoumia kumkuta keshafunikwa. Sikupata nafasi ya kukaa nawe. Watu walikuwa wengi na kila aliyeingia alinikabidhi keki ya matunda. Ningekupigia simu, lakini tangu ulipostaafu karakana ya reli masikio yako na simu hayaelewani, kwa hiyo naandika.

Nyumba imenyamaza. Wewe unajua fundi bomba hatengenezi kwake. Maisha yangu yote ya ndoa bomba la jikoni lilikuwa likidondosha matone, na mimi nikigomba. Wiki moja kabla hajalazwa, Bern aliamka, akalitengeneza bila kuambiwa na mtu. Sasa naketi jikoni na hakuna hata tone. Nalikasirikia bomba lile, Clem. Nafikiri alijua.

Tarehe sita Novemba, siku nchi nzima itakapopiga kura kama tumwondoe Malkia wa Uingereza tuwe jamhuri, nitasimama langoni pa shule tunapopigia kura kugawa kadi za NDIYO. Bern alikuwa ameshaandikisha jina lake kwa zamu ya asubuhi. Wenzake walikuja kuniambia, "Noreen, wewe pumzika." Nikawaambia nitapumzika Malkia akishapumzika. Miaka yote mume wangu alikuwa akisema atakufa raia wa jamhuri. Amekosea kwa wiki chache tu. Angalau mimi nikammalizie.

Nina ombi moja. Mimi nilimjua Bern akiwa mtu mzima, ana ndevu na pikipiki. Kabla ya hapo ni wako. Wazazi wenu wameshaondoka. Umebaki wewe peke yako unayemkumbuka akiwa na kaptula. Kila ukiniandikia, niwekee kitu kimoja cha utoto wake. Hata kiwe kidogo.

Shemeji yako,
Noreen


Ipswich, Queensland
27 Oktoba 1999

Shemeji Noreen,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Haya, kitu chako hiki hapa.

Wakati wa vita, kila sinema ikiisha walikuwa wanapiga wimbo wa Mfalme, na ukumbi mzima unasimama. Baba yetu hakusimama hata siku moja. Anakaa pale pale, mkono mmoja begani kwangu, mwingine begani kwa Bern, katukandamiza kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Siku moja mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Aibu! Vijana wetu wanakufa huko!" Baba akamjibu, "Wangu wako hapa, mama, na hawafi kwa ajili ya yule." Kabla hajamaliza, Bern akachomoka mkononi, akasimama wima kama askari wa gwaride. Ukumbi ukampigia makofi. Baba aliiva kwa hasira. Njiani akamuuliza, "We mtoto, umenisaliti kwa ajili ya Mfalme?" Bern huku analia, "Hapana baba, nilibanwa na mkojo."

Nimecheka peke yangu hapa mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Sasa la pili, na usinikasirikie. Mimi nitapiga HAPANA. Kura kwetu ni lazima, kwa hiyo sikai nyumbani. Nitaenda, na nitaandika kwa herufi kubwa. Si kwa kumpenda yule mama wa London, unanijua. Lakini umelisoma swali? Rais atachaguliwa na Bunge. Wale wale wanaojiongezea mishahara ndio watuchagulie na rais, na sisi tumwone kwenye televisheni! Hiyo si jamhuri, hiyo ni klabu ya wanasiasa. Mimi nataka rais ninayemchagua mwenyewe, na kikundi chetu hapa kinagawa kadi za kusema hivyo. Tukiikataa hii, watalazimika kurudi na swali lililo bora. Miaka mitano, haizidi.

Na Bern alikuwa upande wangu. Alipokuja Pasaka tulikaa chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, na bia zetu, akasema, "Clem, rais aliyechaguliwa na wanasiasa ni Malkia aliyevaa suruali." Maneno yake hayo, siyo yangu.

Clem


Ballarat,
1 Novemba 1999

Shemeji Clem,

Nimeisoma ile ya sinema mara tatu. Sikuwahi kuisikia. Miaka yote hiyo nalala na mtu aliyesimama kwa ajili ya Mfalme!

Ile nyingine nimeisoma mara moja. Bern alikuwa anakubaliana na yeyote anayemmiminia bia. Kwa padre alikuwa mcha Mungu, kwa jirani alikuwa mpenzi wa mbio za farasi. Wewe piga kura yako utakavyo, wewe ni mtu mzima. Ya Bern niachie mimi.

Nimenunua viatu vyenye soli laini kwa ajili ya Jumamosi. Niombee jua.

Noreen


Ballarat,
7 Novemba 1999

Clem,

Kwa leo sikuiti shemeji.

Nilifika langoni kabla ya saa mbili. Wazazi wa shule walikuwa wameshawasha jiko la soseji, moshi unaingia machoni, na upande wa pili wa lango alikuwa Bi Pascoe na kofia yake na picha ya Malkia kifuani. Mimi na Bi Pascoe tumesimama pande mbili za lango hilo kila uchaguzi, na hatujawahi kukosana. Akaja na chupa yake ya chai, akanimiminia. Halafu akanishika mkono.

"Noreen mpenzi, pole. Sikujua kama Bern alibadilika mwishoni."

"Alibadilika nini?"

"Amekuwa wetu," akasema, kwa upole kabisa, akanipa karatasi.

Unaijua karatasi hiyo. Lakini nitakuandikia kilichokuwamo, ili usome kwa mwandiko wangu: "Nimekuwa mtu wa jamhuri maisha yangu yote. Jamhuri hii si yangu. Nasema HAPANA." Na chini yake: Bern Tierney, fundi bomba, Ballarat, 1934–1999.

Wameweka na miaka, Clem. Jiwe la kaburi lake bado liko kwa mchongaji, halijaguswa. Mahali pa kwanza jina la mume wangu kuandikwa pamoja na mwaka wa kufa kwake ni kwenye karatasi ya Hapana.

Wangapi mjini hapa walitengenezewa vyoo na Bern? Wote walipita mbele yangu. Mzee Kinnear akaisoma, akaniangalia mimi na kadi zangu, akasema, "Noreen, nyumbani kwenu mlikuwa hamsemezani?" Akanirudishia kadi yangu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani. Kijana mmoja wa timu ya mpira, mdomo umejaa soseji, akaniuliza, "Mama, huyu si mumeo? Sasa nimsikilize nani, wewe au yeye?" Nikamwambia, yeye amekufa. Akasema, "Basi yeye hana sababu ya kudanganya."

Alikuwa anatania tu, ni mtoto wa watu. Nilitamani kumpiga na kiatu.

Sikuondoka. Nilisimama mpaka lango lilipofungwa jioni, nikigawa kadi za Ndiyo mkabala na jina la mume wangu linalosema Hapana. Usiku nikasikiliza redio. Majimbo yote sita yamekataa, na shule yetu imekataa. Sisemi ni kwa ajili ya karatasi yako. Nasema watu walimwona mjane wa Bern Tierney amesimama pale kama mwongo.

Mwanamke wa kikundi chenu hapa aliniambia maneno hayo yalitoka kwa "familia". Familia ni nani, Clem? Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Noreen Tierney


Ipswich,
15 Novemba 1999

Noreen,

Umemaliza? Basi nisikilize na mimi.

Sikumtungia mtu maneno. Wenzangu waliuliza nani anamjua mtu wa jamhuri wa siku nyingi huko kusini, mtu wa kazi za mikono, siyo profesa. Nikasema ninaye. Nikawapa alichosema Pasaka, wao wakakinyoosha kidogo. Sikujua wataweka miaka. Hiyo miaka, nakubali, imekaa vibaya. Lakini Hapana ni yake.

Najua utasema ningekuuliza kwanza. Vizuri. Na wewe ungeniambia mapema kwamba ndugu yangu anakufa! Barua yako ya mwezi wa tisa ninayo: "Bern anaumwa kidogo, usihangaike kuja." Kidogo! Mtu anaumwa kidogo, nami napanda treni na kushuka kwenye jeneza. Hata uso sikuuona. Halafu unaniandikia kwamba wewe ndiye uliyemfumba macho. Ndiyo, ulimfumba wewe, kwa sababu uliniweka mimi nyumbani nakata majani.

Mjane, mjane. Wewe una jina, watu wanakupa keki. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, miguu yake mbavuni mwangu, naitwaje? Hakuna jina. Ni mzee mmoja tu aliyekaa kiti cha nyuma kanisani.

Na kuhusu kura, hatujakosea. Zuio limewekwa kwenye jamhuri ya wanasiasa, basi. Sasa watatuletea ya wananchi. Miaka mitano, utaniambia.

Clem


Ballarat,
24 Novemba 1999

Clem,

Nilitaka nisijibu. Lakini kuna mambo mawili sitaki uendelee kuyaamini.

La kwanza. Yale ya "anaumwa kidogo" aliniambia Bern niandike. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake hospitalini na kalamu, ametoka kupasuliwa. Nikamwambia, "Clem atanichukia." Akasema, "Mwache aje mshono ukishapona. Akija sasa atanichekesha na mshono utafumuka." Alikuwa anaogopa kucheka na wewe, Clem. Tulidhani muda upo. Hata daktari alidhani.

La pili. Siku mbili kabla hajafa, muuguzi alipita akiuliza wagonjwa gani watahitaji kupigia kura kitandani. Bern akainua mkono. Nikamuuliza, kwa sababu mimi sijasoma sana na swali lile lilikuwa linanichanganya: "Na huyo rais wa kuchaguliwa na Bunge, wewe si ulisema humtaki?" Akasema, "Simtaki. Lakini nyumba unahamia kwanza, mabomba unatengeneza ukiwa ndani. Wewe umewaona wateja wangu. Anayengoja mpaka mabomba yakae sawa ndipo ahame, atazeeka analipa kodi kwa mwenye nyumba."

Kwa hiyo ulichosikia Pasaka ni kweli, na nilichosikia mimi ni kweli. Hakumtaka rais yule, na angesema Ndiyo. Wewe ulichukua nusu ya mtu ukaichapisha kama mtu mzima.

Kuhusu jina la mtu aliyefiwa na ndugu yake, sina. Ningekuwa nalo ningekupa, hata leo na hasira zangu.

Usinitumie tena vitu vya utoto wake. Nilivyo navyo vinatosha.

Noreen


Ipswich,
18 Desemba 1999

Noreen,

Hukutaka barua na mimi sikutaka kuandika, ila Krismasi imekaribia na nyumba hii ina joto na mtu mmoja.

Hilo la mshono limenikalisha chini. Sitaandika zaidi juu yake, karatasi itaharibika.

Nikueleze kilichotokea siku ya kura huku, sikukuambia. Tuliokuwa tunagawa kadi za Hapana tulikaribishwa jioni kwenye ukumbi wa klabu ya mchezo wa kubingirisha vitufe nyasini, tusikilize matokeo. Nilikaa na wenzangu wawili, watu wa reli. Matokeo yakaja. Ukumbi ukalipuka. Nikaanza kupiga makofi nami, halafu nikaangalia ni akina nani ninaopiga nao makofi. Mezani kote bendera ndogo za Uingereza. Wakasimama wote kumwimbia Malkia. Wenzangu wawili wakainuka nusu nusu, kama watu wanaotafuta choo. Mimi nikakaa. Bwana mmoja mwenye tai, wakala wa nyumba, akanipiga mgongoni: "Simama, mzee wangu! Umemfanyia Malkia kazi nzuri leo!"

Nilikuwa na soseji mkononi, ina mchuzi. Sikumpiga, usije ukasikia kwa watu kwamba nilimpiga. Niliiweka tu kwenye tai yake, nikaisugua. Akapiga kelele, "Huyu mzee kichaa! Si ulikuwa upande wetu?" Nikamwambia, "Sijawahi kuwa upande wako hata nikiwa tumboni." Wakanitoa nje wawili, wananishika kwapa. Kadi zangu zilizobaki zilimwagika mlangoni na watu wakazikanyaga wakitoka kwa furaha.

Bado nasema swali lilikuwa baya. Nitasema hivyo mpaka nife. Lakini sikujua kwamba ushindi wangu una sura ile.

Hapa gazetini Waziri Mkuu anasema jambo limekwisha, wananchi wameamua, tuendelee na mengine. Hakuna anayetaja swali bora. Wala wakuu wa kikundi chetu hawapokei simu, ingawa kwa simu huenda kosa ni la masikio yangu.

Nina kitu kimoja cha Bern na sikiandiki, kwa kuwa umenikataza. Kinahusu mbuzi wa masista. Basi.

Krismasi njema.
Clem


Ballarat,
6 Machi 2000

Shemeji Clem,

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa bado na hasira, na sasa nakuandikia kwa sababu nimepata hasira mpya na sina wa kumwambia.

Bern amepata barua. Jina lake kamili juu ya bahasha, Bernard Aloysius. Nilipoiona kwenye sanduku moyo ulinipasuka, nikadhani ni mtu wa zamani asiyejua. Ni ya uchaguzi. "Mpendwa Bwana Tierney, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba hukupiga kura." Anatakiwa aeleze sababu ya kweli na ya kutosha, au alipe faini ya dola ishirini, au ashitakiwe. Daftari la wapiga kura lilifungwa yeye akiwa hai, akafa katikati, na mashine haijui kufiwa.

Nilicheka kwanza. Halafu nikavaa koti nikaenda ofisini kwao. Msichana wa pale alikuwa mpole, ana pua yenye kipini. Akaitazama karatasi.

"Bwana Tierney mwenyewe anaweza kutupigia simu akaeleza?"

"Akiweza," nikamwambia, "nitafurahi kuliko wewe."

Akaiva uso mzima, maskini. Akaniomba radhi, akasema nijaze tu sehemu ya sababu, nitie sahihi kama mjane, nirudishe kwa posta, na jina litafutwa. Nikamuuliza, "Anashitakiwa na nani hasa, mume wangu?" Akasema, "Ni sheria tu, mama." Nikamwambia aniangalizie. Akageuza karatasi, akasoma, akashusha sauti: "Kesi zikienda mahakamani huwa ni kwa jina la Malkia."

Unaona, Clem? Mtu aliyetaka kumwondoa anatishiwa kwa jina lake, kwa kosa la kutokuja kumwondoa. Na mjini wanapaka rangi uzio, kwa sababu Malkia mwenyewe anakuja Ballarat mwezi huu, atapita barabara kuu. Bi Pascoe alikuja kuniomba nisaidie chai ya wageni. Nilimwambia, "Bi Pascoe, nakupenda, lakini ondoka mlangoni kwangu kabla sijasema kitu." Akaondoka. Kesho yake akaniletea mayai. Huyo ni adui ninayemwelewa. Mimi na wewe ndio sijui tulifanyiana nini.

Karatasi imekaa mezani siku tatu. Sehemu ya sababu ni mstari mmoja tu. Najua ungemwandikia nini wewe: alikataa jamhuri ya wanasiasa. Najua ningemwandikia nini mimi: alikuwa anakuja kupiga Ndiyo. Nilishika kalamu kuandika hiyo ya kwangu, nikajiona niko langoni na karatasi ya mtu mkononi, namsemea. Nikaiweka kalamu. Sikuacha kukukasirikia. Lakini niliona jinsi mkono wako ulivyoenda, kwa sababu wangu ulikuwa unaelekea huko huko.

Njoo Pasaka. Chumba cha nyuma nimekitoa vifaa vya kazi vya Bern, kitanda kipo. Utasema yako nami nitasema yangu, na tutapigiana kelele mpaka Bi Pascoe asikie, lakini kila mmoja aseme kwa mdomo wake. Na unieleze habari za mbuzi. Usiziandike. Nataka nikuone unavyocheka, kwa sababu Bern alikuwa anasema mnacheka sawasawa na mimi sikuwahi kuangalia.

Asubuhi hii nimeijaza. Kwenye mstari wa sababu ya kutopiga kura nimeandika: "Alikufa akisubiri." Nikatia sahihi yangu. Nafikiri hilo hata wewe huwezi kulibisha, na nimeacha nafasi pembeni ya jina langu. Sitaipeleka posta mpaka uje utie la kwako.

Noreen